Waya wa Baba

Ukimpelekea Fundi gari ukamwambia, "Plagi zimekufa," alikuwa anafunga boneti kabla hujamaliza sentensi, anakurudishia ufunguo, kisha anakuambia kwa upole kwamba wewe umeshajitibu, basi rudi nyumbani salama. Nimeona watu wazima wenye suti wamebaki na ufunguo mkononi katikati ya gereji yake pale Keumbu, hawajui washike lipi. Hakuwa anawafukuza. Alikuwa anawasubiri waanze upya. Alitaka umweleze gari linafanya nini, si hilo linalofanya linaitwaje, na alitaka umweleze kwa Ekegusii, lugha yetu Wakisii. Lugha ya magari, alisema, kila mtu ameikariri tu. Mtu anakuja anasema gari inamisi. Kwa Ekegusii hakuna kumisi. Itakubidi useme kwamba linakohoa, au linasitasita kama mtu anayetafuta jina la mgeni wake, na ili useme hivyo ni lazima uwe umelisikiliza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo kanuni hiyo iliniuma kuliko wengine. Mara ya kwanza nilipokwenda kwake nilikuwa nimejiandaa kwa kamusi. Nilisimama mbele yake na mkoba wangu wa shule nikamwarifu kwamba mfumo wa upoozaji wa pikapu yangu ulikuwa na hitilafu. Fundi alimgeukia mteja aliyekuwa kando, akamuuliza kwa Ekegusii kama mgeni huyu ametoka Tanzania. Niliona haya. Nikameza Kiswahili changu, nikasema kwa lugha ya nyumbani kwamba gari linatoka jasho chini ya pua kila tukipanda mlima. Akacheka, akainama, na baada ya muda mfupi alikuwa ameshika mpira wa maji uliopasuka.

Tangu siku hiyo akaamua kwamba mimi peke yangu, kati ya Abagusii wote, nitaongeleshwa kwa Kiswahili, tena kibovu kabisa, kusudi anichokoze. "Mwalimu, hii gari yako imeamka na vita," angesema. Namwambia: gari hili, limeamka. Anaitikia kwa adabu zote, "Ndiyo, Mwalimu, hii gari imeamka." Nilimsahihisha miaka tisa. Kuna wakati nilidhani hasikii, na kuna wakati nilijua vizuri kwamba anasikia na anafurahia. Tukiwa na jambo zito tulihamia Ekegusii, na hayo nimeyageuza hapa kwa Kiswahili changu.

Kwenye rafu yake kulikuwa na kopo la maziwa lililojaa unga mweupe kutoka Tabaka. Wachongaji wa huko wakimaliza kupiga msasa sanamu zao za mawe, unga hubaki sakafuni, na mmoja wao ambaye Fundi alimtengenezea lori alikuwa akimletea mfuko mzima kila alipopita. Gari likija linavuja oili na hakuna anayejua inavujia wapi, Fundi aliosha injini, akaikausha vizuri, akainyunyizia ule unga mpaka ikawa nyeupe yote. Kisha aliiwasha, akaketi kwenye kigoda chake, akamenya ndizi mbivu. Akimaliza ndizi ya pili anainuka kwenda kutazama. Mahali oili inapotokea, unga umeshaloa na kuwa mweusi, na mstari mweusi unakuonyesha njia yote tangu chanzo. Gereji za mjini zina dawa za rangi na taa maalumu za kazi hiyo. Yeye alikuwa na kopo na ndizi mbili, na sikuwahi kuona amekosea.

Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, na Jumamosi hashiki spana hata gari liwe la mchungaji. Ila masikio, alisema, Mungu hakuyaamuru yapumzike. Baada ya ibada alisimama na suti yake karibu na lango, Biblia kwapani, akawapungia mkono waumini wanaoondoka na magari yao. Watu walidhani ni ukarimu tu. Jumapili asubuhi ndipo mtu anapopata ujumbe kwamba apeleke gari, beringi ya gurudumu la kushoto inalia. Mke wa mhubiri mmoja alilalamika kwamba mzee huyo anachungulia magari ya watu siku takatifu. Fundi alijibu kwamba hakuchungulia chochote, alikuwa amefumba macho.

Na pamoja na hayo yote, hakuwa anaendesha. Alilisogeza gari ndani ya gereji tu, kutoka kwenye shimo hadi langoni, na hapo anashuka. Alisema akishika usukani anaacha kusikia. Alitembea kwa miguu hadi kwake kila jioni, mtu ambaye magari ya nusu ya Keumbu yalitembea kwa mikono yake.

Pikapu yangu ilikuwa ya mama kabla ya kuwa yangu. Ilibeba majani chai yake hadi kituoni, ikabeba ndizi, ikabeba wagonjwa wa kijiji kizima, mpaka injini ikachoka. Kaka yangu akasema iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Mimi nikasema nitaiwekea injini kubwa iliyotoka Japani, yenye kompyuta, iliyotolewa kwenye gari jingine kabisa. Kijijini walisema mwalimu amesoma riwaya nyingi. Fundi naye alipinga. Alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, hii gari ni mwanamke mzee. Unataka kumvalisha viatu ya mpira akimbie na watoto?" Nikaondoka nimenuna. Kesho yake nikampitia kumsalimia, nikamkuta amelala kifudifudi juu ya injini ya zamani na uzi wa mgomba, anapima upana wa kile chumba cha mbele. Sakafuni alikuwa ameshachora injini mpya kwa kipande cha jiwe la Tabaka, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeletewa mgeni aliyemsubiri sana. Nikainama, nikamshikia ncha ya pili ya uzi.

Upande wa chuma alikuwa anautosha peke yake. Upande wa umeme ulihitaji Bakari. Huyu alikuwa fundi wa umeme, mtu mzima mwenye watoto watatu, mzaliwa wa Kwale aliyeoa katika familia ya Waislamu wa mjini Kisii. Alikuwa na meza yake ndani ya gereji ya Fundi na walikuwa wakiheshimiana kupita kiasi. Kila asubuhi Bakari alisema, "Shikamoo, Mzee," na Fundi akajibu, "Mzuri sana." Mwaka mzima. Nilipomweleza kwamba jibu lake ni marahaba, alilipenda neno hilo mno, akawa anawajibu nalo hata wauza mboga wanaomwambia habari ya asubuhi. Bakari hakuwahi kumcheka. Ekegusii yeye hakujua zaidi ya salamu, kwa hiyo mimi, nikiwa pale, nilijifanya daraja kati ya Kiswahili cha Kwale na Kiswahili cha Keumbu. Nilikuwa nikivimba kichwa kwa kazi hiyo, na naomba mlikumbuke hilo.

Siku ya kumaliza ilikuwa Ijumaa, na kwa Wasabato siku ya Bwana inaanza jua linapotua Ijumaa. Fundi alifanya kazi huku akitazama mlima wa magharibi. Jua lilipogusa migomba alikuwa amebakiza jambo moja, na hilo lilikuwa la Bakari. Alivua ovaroli yake, akanawa kwa sabuni ya unga, akasema huku akifunga saa mkononi, "Bakari, ile waya kubwa, waya ya baba, uikaze kwa injini yenyewe. Si kwa bodi. Hiyo ndiyo roho ya hii kazi."

"Waya wa baba," nikamsahihisha.

Fundi alisimama, akanitazama, na kwa sababu alikuwa na furaha siku hiyo, akanipa zawadi ambayo hakuwahi kunipa. "Waya wa baba," akarudia, sawasawa kabisa. Bakari akasema amemwelewa. Nilirudi nyumbani nikijisifu njia nzima.

Jumapili Bakari alitupokea langoni, akasema waya wa baba ameukaza kwa mkono wake mwenyewe na ameutilia kichwa kipya. Fundi akaitikia kwa kichwa. Tukawasha. Mama aliletwa kwenye kiti cha plastiki kusikiliza, na ile pikapu iliunguruma kwa sauti ambayo haikuwa yake na ikawa yake papo hapo. Wiki tatu tulipanda milima ya Nyamira tukiwa na shehena ya ndizi na watu wakageuka kututazama. Nilijivunia gari lile kuliko shahada yangu.

Kisha mvua zikaanza, na pikapu ikaanza kusitasita. Si kila siku, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Asubuhi inakwenda vizuri, alasiri katikati ya mlima inashikwa na kigugumizi, inapoteza nguvu, wakati mwingine inazimika. Ukiifikisha gereji imepona. Niliipeleka mjini kwa watu wenye mashine za kusoma kompyuta ya gari. Wa kwanza alisoma akasema kifaa cha kupima hewa kimeharibika, tukabadilisha. Wa pili akasema pampu ya mafuta, tukabadilisha. Wa tatu akasema ni kompyuta yenyewe, nayo tukabadilisha. Gari likaendelea na kigugumizi chake likiwa na vifaa vipya.

Keumbu ni mji mdogo na pikapu ile ilikuwa imeshajulikana, kwa hiyo kila ilipozimika ilizimika mbele ya watu. Wakaanza kusema Fundi amezeeka, injini za siku hizi si za mtu wa kopo na ndizi. Wateja wawili watatu wakahamia kwingine. Mnunuzi wa vyuma akaja kutoka Ogembo, akaizunguka pikapu ya mama akiipigapiga ubavuni. Hapo ndipo Fundi, ambaye sikuwahi kumsikia akijitetea, alipochomwa. Ilikuwa siku ya soko, gereji imejaa, mtu mmoja wa bodaboda akamtania, na Fundi akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Injini nimefunga mimi na injini ni mzima. Kitu imeharibika ni waya, na waya ni ya Bakari."

Maneno hayo yalizunguka soko lote kabla ya jioni. Watu wakaanza kuleta magari na kusema yule wa umeme asiguse. Mwezi haukuisha, Bakari akafungasha mita yake na koleo zake. Hakugombana. Alimshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia shikamoo, akaenda Kisii kuuza chaji za simu kwenye kibaraza cha duka la wakwe zake.

Nilimkasirikia Fundi, na nilimwambia. Lakini jambo la ajabu ni kwamba alipokwisha kumtupia Bakari lawama, ndipo alipoanza kujichunguza yeye. Aliifungua ile injini mara mbili, kipande kwa kipande, bila kunidai chochote. Alifuatilia waya mmoja mmoja kwa taa ndogo ya kupimia. Aliniambia wazi jinsi alivyoona mambo: ikiwa kosa ni la injini, basi amemwonea mtu na amekwisha, atafunga gereji. Ikiwa kosa ni la waya, basi aliyekosea ni Bakari, na yeye anaujua mkono wa Bakari, ni mkono safi. Hakutaka jibu lolote kati ya hayo mawili. Miezi saba alitafuta kosa ambalo alikuwa akiogopa kulipata, na hakuacha. Watu wengi wangeacha.

Waya mmoja tu hakuupima. Aliusema mwenyewe, na Bakari alimjibu kwamba ameukaza. Kwake hilo lilikuwa limekwisha.

Alasiri moja nikamlazimisha aingie ndani ya pikapu tupande mlima mvua ikiwa inanyesha. Hakupenda. Alishika kishikio cha mlango kwa mikono miwili. Tulipofika nusu ya mlima mvua ikazidi, nikawasha taa na vifuta-kioo, na kigugumizi kikaanza kama kilichoitwa.

"Zima taa," akasema.

Nikazima. Gari likashika pumzi yake, likapanda.

"Washa."

Nikawasha. Likaanza tena, na mshale wa joto ukaruka juu kwenye dashibodi, papo hapo, kana kwamba maji yanaweza kuchemka kwa kuwasha taa. Fundi aliutazama ule mshale. Akaniambia nirudie mara tatu. Kisha akaniuliza, kwa Ekegusii, mguu wangu unasikia nini. Nikamwambia kibao cha mafuta kimekuwa kizito, kama navuta gumboot kutoka kwenye tope. Akaniuliza ni leo tu? Nikafikiri, nikamwambia hapana, kila mara gari likisumbua kibao huwa kizito, ila sikuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna mashine iliyoniuliza.

Akateremka kwenye mvua, akafungua boneti. Nilimwona kwa upenyo akipeleka mkono, akashtuka na kuurudisha. Alirudi ndani ameloa, akanionyesha vidole vyake vyekundu.

"Kamba ya mafuta iko na moto, Mwalimu. Kamba inavuta tu. Moto ni ya nini?"

Alinieleza polepole, nadhani alikuwa anajieleza yeye. Umeme unatoka kwenye betri kwa njia moja na ni lazima urudi kwa njia nyingine. Injini imekaa juu ya raba, haigusani na bodi, ndiyo maana inahitaji waya mmoja mnene wa kuurudisha umeme wote nyumbani. Waya huo ukikosekana, umeme unarudi kwa kupenya popote, hata kwenye kamba nyembamba ya kibao cha mafuta, na kila kipimo kinaisomea kompyuta uongo. Mchana bila taa unajipenyeza. Ukiwasha taa na vifuta-kioo, njia haitoshi.

"Lakini hiyo waya iko," akasema. "Bakari alikaza."

"Aliukaza," nikasema. "Alisema waya wa baba ameukaza kwa mkono wake."

Vifuta-kioo vilikwenda na kurudi. Fundi alikuwa amekodoa macho.

"Ya baba yake nani?" akauliza.

Nilitaka kumsahihisha, kwa mazoea, na mdomo ukanifia wazi. Kwetu sisi Abagusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata. Mtoto wa Kisii akianguka akalia baba, anamwita mama yake. Fundi aliuita waya ule waya wa baba tangu ujana wake kwa sababu nyaya ndogo zote hurudi kwake jioni kama watoto. Bakari ni mtu wa Kwale. Kwao baba ni baba, mkuu wa nyumba, anayetoka kwenda kutafuta na kuleta. Alitazama betri, akaona nyaya mbili nene, akachagua ule mwekundu unaopeleka nguvu, akautilia kichwa kipya na kuukaza kwenye stata, ile mota ya kuwashia iliyofungwa kwenye injini, kwa ufundi wake wote. Mweusi, kama tulivyokuja kuuona tulipofungua boneti tena, akauacha mahali ulipokuwa tangu enzi za mama yangu, kwenye bodi, kwa sababu hakuna aliyemwambia auguse.

Alifanya alivyoambiwa, neno kwa neno. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mimi, ninayewafundisha watoto wa watu kila wiki kwamba baba ni mzazi wa kiume, nililisikia neno hilo kwa sikio la nyumbani, nikasikia mama, sikushtuka, na badala ya kusahihisha maana nikasahihisha ngeli. Nilichukua kosa lake nikalinyoosha mpaka likawa Kiswahili sanifu ambacho mtu wa Kwale hawezi kukitilia shaka.

"Ulinisahihisha," akasema Fundi. Hakuwa na hasira.

"Ndiyo."

"Ulisahihisha nini?"

Nikamwambia. Alianza kucheka, mabega yakamtikisika, kisha kicheko kikamkatika. "Nimefukuza mtu," akasema kwa Ekegusii, "kwa ajili ya mama yangu."

Aliunganisha injini na betri kwa waya mnene wa kuwashia magari yaliyozimika, ule wa meno mawili, na pikapu ikapanda mlima uliobaki na taa zote zikiwaka bila kusita hata mara moja. Nilitaka tuufunge ule mweusi mahali pake jioni hiyo hiyo. Ilikuwa kazi ya boliti moja. Fundi akakataa katakata. Akasema boliti hiyo si yake.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Kisii hivyo hivyo, waya wa meno umening'inia ndani, boneti imefungwa kwa kamba ya katani. Fundi alikuwa amevaa suti yake ya Sabato, na haikuwa Sabato. Njiani aliniomba nimpe Kiswahili cha kuomba msamaha, kile sanifu, ili safari hii mtu asisikie kitu kingine. Nikamtungia sentensi nzuri. Aliirudia mpaka tukafika mjini.

Bakari alikuwa anapanga chaji kwenye kibaraza, wateja wamesimama. Alipomwona Fundi akainuka haraka, akatoa shikamoo. Fundi alifungua mdomo aseme sentensi yangu na nikaona imempotea yote. Akasema kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ya soko:

"Bakari, ulifanya vile nilisema. Mimi ndiyo nilisema vibaya. Niliita mama baba. Halafu nikakutaja mbele ya watu. Hiyo gari niliharibu mimi."

Wateja hawakuelewa lolote, ikabidi nieleze, na nilieleza nusu tu, ile nusu yake. Bakari alisikiliza akiwa ameshika chaji mbili. Hakuharakisha kumsamehe, na nilimheshimu kwa hilo. Aliuliza jambo la ufundi kwanza: sasa hivi umeuunganisha kwa nini? Fundi akafungua boneti, akampa spana mkononi. Bakari akakwangua rangi na kutu kwenye ubavu wa injini mpaka chuma kikang'aa, akauhamisha ule waya mweusi, akaukaza mara moja, akaujaribu kwa kidole, akaukaza tena. Fundi akachomoa waya wa meno. Nikawasha injini, taa, vifuta-kioo, redio, kila kitu chenye waya. Mshale wa joto ulilala mahali pake.

Bakari alifuta mikono. Alisema, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba amesikia na ameridhika. Lakini hapa Kisii, akasema, hakuna aliyemjua kwa ubaya. Jina lake lilichafukia Keumbu.

"Ni kweli," akasema Fundi. "Leo ni siku ya soko. Ingia gari."

Nimefundishwa na watu wengi waliosoma kuliko Fundi, na siku hizi ambapo amefunga gereji na kuhamia kwa binti yake Nyamira, nikitaka kuwaeleza wanafunzi wangu mtu mkubwa ni nani, sielezi. Nawasimulia alasiri ile. Tulifika Keumbu soko limejaa hadi barabarani. Fundi akashuka na suti yake, akamshika Bakari mkono, akaanza na akina mama wa ndizi. Akawaambia: huyu hakukosea, nilikosea mimi, nilisema baba. Akaenda kwa wauza mitumba akawaambia. Akaenda kwa mafundi wenzake, kwa yule mtu wa bodaboda aliyemtania, kwa mwenye duka la vipuri. Kila mahali alirudia yote tangu mwanzo, na kila mahali watu walicheka, kwa sababu kwa Mkisii jambo hilo linachekesha kweli, naye akangoja wamalize kucheka ndipo amalizie kwamba aliyeitengeneza pikapu leo hii ni Bakari na kwamba Jumatatu meza yake itakuwa pale pale. Mzee wa kanisa, mwenye mvi, jasho likimtiririka ndani ya kola. Nilimfuata nyuma polepole na pikapu, na sijawahi kujivunia mtu kama nilivyomjivunia siku ile.

Mwishowe Bakari akamvuta mkono wa koti. "Mzee," akasema, "yatosha sasa. Yatosha."

Fundi akatazama ng'ambo ya barabara.

"Wale wa stendi hawajasikia," akasema, akavuka.

Nikazima pikapu, nikaifunga milango, nikavuka nyuma yake. Sehemu yangu nilikuwa bado sijaisema.